Inspekta Mwenye Jicho la Kioo

Jumatatu, 4 Machi
Nimeondolewa kwenye pasi! Mgongo wangu unashukuru. Msomaji wetu kajifungua, kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayewasomea mafundi wa chumba cha kumalizia wakishona vifungo na pindo kwa mkono. Bosi kanionya: nikiwachosha wakasinzia, narudi kwenye pasi. Kitabu kachagua mwenyewe, kakivalisha gazeti. Mauaji ndani ya chombo cha angani. Nimekaa mkao wa kula.

Jumanne, 5 Machi
Kitabu gani hiki jamani! Inspekta ana jicho la kioo linaloona yaliyopita. Basi si aangalie tu nani kaua, twende nyumbani? Wapi. Kurasa mia anazurura kwenye korido, anapapasa ndevu, anauliza watu walikuwa wapi. Daktari wa chombo analia kila akifungua mlango. Roboti anahema — anahema na nini, mapafu hana! Sijapata kuwachukia watu wasiokuwepo namna hii.

Shangazi, mkubwa wetu chumbani, kasinzia na sindano mkononi. Fundi wa vifungo anapiga miayo. Naiona pasi ikinisubiri.

Jumatano, 6 Machi
Nimemuua Inspekta.

Ilinitoka tu. Alipoanza tena kupapasa ndevu, nikasoma — yaani nikajifanya nasoma — kwamba roboti alimchoka, akafungua mlango, akamsukuma nje angani bila kofia. Shangazi karuka kitini. Kicheko chumba kizima! Wakagoma kwenda kula mpaka niseme jicho limeangukia wapi.

Alhamisi, 7 Machi
Jicho limeangukia kwenye supu ya daktari. Kaacha kulia, sasa ndiye mpelelezi. Kitabuni Inspekta bado yupo kila ukurasa, king'ang'anizi yule. Mimi nafunua tu na kutunga. Hakuna aliyesinzia. Bosi kachungulia, kaona kazi inakwenda, katabasamu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwisha. Asubuhi bosi kaingia na mwanamume mpole, kalamu mfukoni. Kaka yake. Mwandishi wa kitabu chenyewe! Eti bosi alificha jalada ili tusije tukamsifu kaka yake bure. Mgeni kawekewa kigoda kando ya meza ya pasi. Pasi yenyewe ya moto.

Nilitaka kusema nina mafua. Shangazi kaniwahi. Kamshika mgeni mkono, kamsifu kwamba tangu aanze kazi hajasikia hadithi tamu hivi.

“Mwanangu, pale ulipomtupa nje yule mwenye ndevu, ulinifurahisha sana.”

Mgeni akapapasa ndevu zake. Mungu wangu, ni yeye! Inspekta ni yeye mwenyewe! Bosi akatuangalia mmoja mmoja. Mgeni akanitazama mimi, akatazama kitabu, akanirudia mimi.

“Dada,” akasema taratibu, “hebu nisomee hapohapo.”

Nikaomba kwenda chooni. Ndiko ninakoandikia haya. Sasa mlango unagongwa — ni Shangazi. Anasema nitoke, watu wananingoja, na mgeni keshatoa kalamu, anataka kuandika nitakayosoma.