Alama kwenye Kioo cha Dirisha

Mjukuu wangu, mume wangu Idrisa,

Salamu zako zimefika hapa Mwananyamala, nasi tu wazima. Shangazi yako wa Kibamba kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama utafiti wako wa mashine za kutambua alama za vidole utawafaa watu kama sie. Nilipokuwa msichana, cherehani ya jirani iliibwa, na mtaa mzima ukamnyooshea kidole kaka yangu Salum. Polisi wakamchukua.

Asubuhi akaja askari wa kike na brashi laini. Akapaka unga mweusi kwenye kioo cha dirisha la jirani alilopitia mwizi, taratibu, kama anayempaka mtoto poda. Mistari ikachomoza, myembamba, ikizunguka na kuzunguka, nikaitazama hadi nikajisahau.

“Huyo ndiye mwizi?” nikauliza.

“Bado sijui ni nani,” akasema. “Ila kama kaka yako hahusiki, alama hii itamsemea.”

Ikamsemea. Salum aliporudi, mama alikuwa akimsubiri mlangoni. Alimshika mikono, akavibusu vidole vyake kimoja kimoja.

Endelea na kazi yako, baba. Huenda kuna mama mwingine anasubiri mlangoni.

Bibi yako,
Mwanahawa