Mtoto wa Kaniki Apite Mlango wa Mbele

Dada yangu Mize,

Ni miye Riziki. Kusoma hatukufunzwa, unajua, basi nasema mimi na Rukia mjukuu wangu anaandika. Nimemwambia asipunguze neno, hata likimchoma. Hasa likimchoma.

Tangu tukuzike chai bado naipika ya watu wawili, halafu nakasirika, nainywa yote. Kitandani kwako analala Rukia. Na ile nyumba ndogo ya mbao, ya kuchezea, yenye ngazi na vidirisha, uliyokuwa ukiifungia sandukuni, nimempa yeye. Usinune. Ingeliwa na mchwa bure.

Juzi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Rukia na Salma, mtoto wa jirani, wako barazani wanaichezea. Nikamsikia Rukia, "Wewe pita uani. Mlango wa mbele ni wa wenyewe. Bibi yetu wa zamani alikuwa mtoto wa bwana wa shamba." Salma akakusanya vifuu vyake vya kupikia, akaenda zake. Hakulia. Angelia ningepata nafuu.

Mize, maneno yale si ya Rukia. Ni yetu. Ndiyo tuliyowajibu watu kila walipouliza vipi maskini kama sisi tuna kitu kile cha Kizungu. Siku tuliyomzika bibi ulinishika mkono ukasema, "Riziki, siri ya bibi itafia kwetu." Nikaapa. Baadaye ukawa na binti wa kuoza, na wakwe wanachimba ukoo, nikazidi kunyamaza.

Andika, Rukia. Usisimame.

Bibi yetu, Bi Tatu, hakuwa mtoto wa bwana. Alikuwa mtoto wa mtumwa wake, hapa hapa Mtambile, kwenye mikarafuu. Nyumba ile aliletewa binti wa bwana kwa meli, kabla utumwa haujafutwa, na bibi akawekwa amchezeshe: apange viti, awalaze watoto wa bandia wa kauri, lakini mwenyewe asicheze. Binti alipokua akaitupa, bibi akaiokota. Akashona mtoto wa matambara, akamvika kaniki, kitambaa cheusi walichovaa watumwa.

Unamkumbuka mtoto wa kaniki? Kila tulipocheza bibi alimweka nyuma, uani, nasi tukadhani ndivyo mchezo ulivyo. Siku ulipomlaza kwenye kitanda cha nyumba ile alikupiga kofi, kisha akakukumbatia mpaka ukalalamika unabanwa. "Mwenyewe atakuja kumtoa," alisema. Mtu mzima, ana wajukuu, utumwa umekwisha zamani, na bado anamwogopa yule binti wa bwana, mtoto mwenziwe.

Sisi tukachukua woga ule tukauvisha nguo nzuri, tukawapa watoto wetu. Sikulaumu peke yako. Mdomo wangu ulikuwa na kazi ile ile.

Kiapo nimekivunja, basi. Binti yako akisikia atanigombeza, na huenda akaacha kuja. Hilo linanitia baridi, maana anacheka kama wewe. Lakini sirudi nyuma.

Rukia ameweka kalamu. Ananiuliza, "Kwa hiyo bibi, sisi ndio tuliokuwa tunapita uani?" Nimemwambia ndiyo. Andika na hilo, mwanangu. Futa machozi, karatasi inalowa.

Sasa ameinuka, amemtoa mtoto wa kaniki chini ya sanduku. Vumbi tupu, na jicho moja limedondoka. Anataka kumlaza kitandani sasa hivi. Nimemkataza. Amsubiri Salma.

Kesho asubuhi tunakwenda kwa kina Salma, mimi na yeye. Atayasema yote mbele ya mama yake, nami nitasema yangu, maana yeye kaiga. Salma akikataa kuja, tutarudi kesho kutwa, na siku ya tatu. Miguu inauma lakini ipo.

Lala, mwana wa mama. Nakuombea kila sala, na hasira zako niwekee mpaka nije. Ahadi yangu ni hii: mtoto wa kaniki atapita mlango wa mbele, na atakayemwingiza ni Salma.

Mdogo wako,
Riziki