Saa Zinazoharibika Kila Wiki

Jumatatu, 3 Machi

Vipeperushi vimetoka kwa mpiga chapa. Mia tatu! Vizuri mno, na ndiyo maana naogopa. "Kampani ya Saa Mbili: mtu wa kukaa nawe, kuzungumza nawe, kukusindikiza." Na chini, kwa herufi nene: "Hatumwendei mtu bila yeye mwenyewe kujua." Sentensi hiyo niliitunga mimi, kabla sijapata hata mteja mmoja.

Sasa ninao watatu. Mmoja hajui kuwa ni mteja.

Uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi wa mtaa. Mdogo wangu ndiye anayeshika simu ya kazi. Anasema mimi huomboleza msiba kabla mgonjwa hajaugua. Kuhusu huyo asiyejua, Fundi Saa, sijamwambia kitu.

Jumanne, 4 Machi

Kwa Fundi Saa, saa kumi kamili. Chumba chake cha mbele kina saa kumi na tisa ukutani na hakuna mbili zinazokubaliana. Macho yamemwishia, kazi ameacha, ila vidole bado vinaona.

Anayelipa ni binti yake, yuko mbali. Alinisihi tangu mwanzo: baba akijua amekodiwa mtu wa kuzungumza naye, atanifukuza, na simu za bintiye hatapokea tena. Nikakubali — njaa ya mteja wa kwanza! Nikaenda na saa mbovu ya ukutani, kisingizio. Akaitengeneza kwa dakika kumi. Wiki iliyofuata ikabidi niharibu nyingine.

Leo nimepeleka ya nne. Nimeing'oa springi kwa kibano cha nyusi, nimesimama jikoni, mkate mkono wa pili. Ameuliza nyumba yangu ina nini hata saa hazidumu. Nikasema vumbi. Tumecheka. Akanisimulia marehemu mkewe, mwanamke aliyechelewa kila mahali isipokuwa kufa.

Nimeondoka saa moja kasorobo. Muda wangu uliisha saa kumi na mbili. Wasaidizi wawili niliowafundisha nimewakataza jambo hilo hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda nikiwa nimeshapanga maneno. Leo namwambia, liwalo na liwe. Nikaingia, nikakuta vikombe viwili mezani, chai imeshamiminwa. Aliyaanza maandalizi kabla sijabisha. Mtu aliyekuandalia kikombe unamwambiaje?

Sikumwambia. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nahisi nimeshaufikia ukingo wake.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia binti yake. Nikamweleza ahadi iliyo kwenye vipeperushi, nikamwambia sitaki kusimama mbele ya watu nikiwa na uongo mfukoni. Akanikatiza.

"Dada yangu, juzi baba kanisimulia habari zako nusu saa nzima. Mwaka mzima kabla yako hakuwahi kunisimulia kitu. Amepata rafiki. Kwa nini umnyang'anye?"

Rafiki! Nilimuaga haraka, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Nimeona aibu. Na nimefurahi pia, ndilo linalonitia aibu zaidi.

Nitamwambia Ijumaa, siku moja kabla ya uzinduzi. Akinifukuza anifukuze.

Jumanne, 11 Machi

Mungu wangu. Wasaidizi wamegawa vipeperushi mtaani kwake! Niliwapa mitaa yote, sikukumbuka kuuruka wa kwake. Nimekikuta kimoja mezani pake, kimekandamizwa kwa lenzi yake ya kazi.

Kasema jirani amemsomea. Eti siku hizi hata mazungumzo yanakodiwa. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akapuliza vumbi kwenye gurudumu la saa yangu, taratibu, kama hakunisikia.

"Si aibu," alisema. "Aibu ni kumwona mtu ana upweke ukajifanya huoni."

Anajua. Hakika anajua! Au hajui? Nikadai kichwa kinaniuma, nikaondoka saa kumi na moja. Akanisindikiza hadi mlangoni akipapasa ukuta. Hajawahi.

Jumatano, 12 Machi

Sijalala vizuri. Viti vya ukumbi vimethibitishwa. Mwenyekiti wa mtaa anataka nimlete mteja mmoja aje atoe ushuhuda. Nimesema nitaangalia.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye ngazi za Fundi Saa. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Nisipoandika nitarudi nyumbani.

Mchana mdogo wangu alikuja na fomu za waliopiga simu. Saba! Akasema kuna moja ya ajabu, mzee fulani, sauti ya upole. Hajiombei yeye. Anamwombea mwanamke anayemfahamu. Mdogo wangu alikuwa ameandika kila neno, akanisomea:

"Huharibu saa zake kusudi, apate sababu ya kuja kukaa na mimi. Vidole vyangu vinajua springi iliyochoka na springi iliyong'olewa. Akija simu yake haiiti. Muda wa kuondoka ukifika hainuki. Mimi ni mtu mzima, sitakuwepo siku zote. Mtafutieni mwenzake wa rika lake, nitalipa mimi. Ila asijue, ana haya."

Pale kwenye kuharibu saa mdogo wangu alianza kucheka. Kisha akaona rafu ya jikoni. Saa ya leo ilikuwa pale, tumbo wazi, kibano kando yake. Kicheko kikamkauka. Akatazama sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja kwenye karai.

"Dada," alisema, "wewe huwa unakula na nani?"

Nilimuuliza alimwambiaje yule mzee. Akasema alimweleza sharti letu: hatumwendei mtu bila yeye kujua. Mzee akafikiri, akasema sharti ni la haki. Basi atamwambia mwenyewe, leo, atakapokuja saa kumi.

Nimemweleza mdogo wangu yote. Binti wa mzee, kisingizio, saa zote mbovu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinifungia vifungo vya koti kama mimi ndiye mdogo, akaniambia niende.

Saa sikuileta. Mara ya kwanza nakuja mikono mitupu. Ukumbini kesho wataniuliza kazi hii niliianzia wapi, na jibu nililoandaa sio la kweli.

Ndani saa zimeanza kugonga kumi, kila moja kwa wakati wake. Namsikia akipanga vikombe. Ana lake la kuniambia na mimi nina langu, na sijui nianze na lipi: kwamba nilikuwa nalipwa, au kwamba hakukosea kuhusu mimi. Mlango unafunguka, sijabisha bado —