Mkono Niliomnyima Masanja

Dada yangu Minza,

Nimejifunza kuandika katika darasa la dini, na barua yangu ya kwanza naileta kwako, ingawa huko uliko hakuna tarishi afikaye.

Unakumbuka tulivyotwanga mtama, wewe ukiimba, mimi nikikosea mapigo, unacheka hadi mchi unakuponyoka? Wakati wa vita vya Wazungu, watu wa ng'ambo ya mto walipokuja kuchoma vijiji vyetu na kuswaga ng'ombe, ulinibeba ukanitumbukiza kihengeni, juu ya akiba ya mtama, ukanifunika kwa ungo.

"Usikohoe, mdogo wangu."

Kisha ukakimbilia mtoni ili wakufuate wewe. Nikasikia mwanamume akipaza sauti, "Huyo, anakata kushoto!" Hukurudi. Hata mwili hatukuuona.

Sasa mwalimu wa dini anatupatanisha. Jumapili watu wa ng'ambo na wa kwetu tunakaa benchi moja. Miezi michache iliyopita alisimama mzee mmoja wa ng'ambo, Masanja, akaungama kwamba alikuwamo katika uvamizi ule. Sauti ile iliyokufukuza mtoni niliitambua kabla hajamaliza maneno. Padri akasema hatabatizwa mpaka kila nyumba iliyofiwa impe mkono wa msamaha. Wote wakampa. Nimebaki mimi.

"Yesu alisamehe, Mama Holo," mwalimu akanibembeleza.

"Yesu alifufuka siku ya tatu," nikamjibu. "Dada yangu je?"

Nikamtaka Masanja anionyeshe alipokuacha. Alichimba mwenyewe kando ya kichuguu, jua la mchana likimchoma, nami nimesimama na jembe langu bila kumsaidia. Alipozifikia bangili zako za shaba, akalia. Dada, sikufichi: nililiinua jembe juu ya kisogo chake. Aliona kivuli cha jembe, asikwepe, akainamisha shingo. Nikaona kumuua ni kumpumzisha. Nikalishusha.

Nikamtwisha mifupa yako mgongoni, akaibeba hadi nyumbani, tukakuzika ubavuni mwa Mama. Kisha akaninyooshea mkono wenye udongo.

"Sasa, Mama Holo?"

"Bado."

Wananiita moyo wa jiwe. Na waniite. Masanja anadhoofika; kila Jumapili ananitazama, nami namtazama, mikono yangu nimeikunja. Akifa bila ubatizo na mkakutana huko, msamehe wewe ukipenda, maana damu ilikuwa yako. Mimi siwezi, na sitaki kuweza.

Pumzika, dada.

Mdogo wako wa tumbo moja