Visu Vyako Viko Salama

Kaka,

Umeniuliza tena habari za visu vyako vya kukunja. Havina kutu. Nimevitoa kwenye mifuko ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Vumbi la kwenye springi nimelipangusa, na kila bawaba nimeitia tone la mafuta. Umeridhika?

Mama hukumuulizia. Juzi kimoja kilimfyatukia, kikamkata vidole.

Nikamfokea, "Mama, si nilikwambia uviache?"

Akasema, "Mwanangu alivishika hivi. Nikivifuta, naona kama nimemshika mkono. Usimwambie, atahuzunika."

Basi nimekwambia, uhuzunike! Visu nimevifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Simpi mtu akuletee. Ukivitaka, njoo uvichukue mwenyewe, mama akuone.

Ni mimi dada yako, niliyechoka.