Meno ya Juu Yametangulia Tena

Baba Eliamani,

Mdogo wako Kajiru amekuja leo mchana, nami nimempiga kwa mchi. Nakueleza hilo kwanza kwa sababu najua hutalipenda, na sikuzoea kukuficha kitu ulipokuwa hai, sioni kwa nini nianze sasa. Nimempiga begani, nimempiga mgongoni, pigo jingine likampata sikioni, damu ikachuruzika mpaka shingoni. Hakuinua mkono. Nilidhani ni dharau, nikazidisha. Kumbe amebeba mtoto ndani ya shuka yake, mkono wa kuinua angeutoa wapi?

Ngoja niseme kwa utaratibu.

Tangu uondoke, Eliamani amejifunza kutembea. Siku hizi anakimbia, na meno yamejaa mdomoni, na anauma! Juzi kaniuma bega nikapiga kelele mpaka jirani akaja. Hajaua mtu. Mbuzi wamezaa. Mvua imenyesha vizuri, ndiva, bwawa letu la mfereji, imejaa maji hadi ukingoni, mfereji unatosha wote. Yale yote waliyosema yatatupata kwa sababu ya meno yake hayajatupata. Tulipatwa na wao.

Mama yako hajakanyaga hapa tena. Namkumbuka akimlisha mjukuu wake uji, anamwimbia, kisha akamfuta mdomo kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye ufizi wa juu. Akanawa mikono, akatoka bila kuniaga, nami nikaelewa. Mama gani wa Upare asiyejua? Mtoto akitanguliza meno ya juu ni kigego, na kigego hupelekwa kwenye lile jiwe lililo juu ya bonde, akasukumwa, ndipo ukoo upone. Wamisionari walikataza, serikali ya Mwingereza ikakataza, watu wakaitikia ndiyo bwana, kisha wakaendelea kimyakimya.

Nilichukua wembe siku ile. Nilitaka kumchanja ufizi wa chini ili meno ya chini yatokeze, tuseme ndiyo yaliyotangulia. Ukanishika mkono. "Mungu hakukosea meno ya mtoto huyu, Mama Eliamani. Tusimsahihishe kwa uongo." Nilikukasirikia, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Uongo mdogo namna ile! Ungekuwa hapa sasa hivi unalalamika kwamba makande hayana chumvi.

Hata yule mzee wa kanisa alikuja. Akakaa kwenye kigoda chetu, akashusha sauti: mtoto apotee tu kimya, halafu mtatubu, Mungu ni mwenye huruma, na nyinyi mna ukoo wa kuishi nao. Ukamuuliza, "Mzee, huruma hiyo umeisoma wapi?" Akaondoka bila kumaliza uji. Tangu hapo hakuna aliyetusalimia njiani, na zamu yetu ya maji wakaipitisha kwa wengine, migomba ikanyauka. Wewe uliendelea kuimba asubuhi kana kwamba hakuna kitu.

Halafu baragumu likalia. Jua limeshatoka, nami mjinga nikachukua jembe! Nilidhani mfereji umebomoka na tunaitwa kwenye msaragambo, kazi ya wote. Kumbe msaragambo ni sisi. Walipanda wanaume wa ukoo wenu na marungu, watu tuliochimba nao mfereji, tuliokula nao chungu kimoja. Ukanipa panga lako ulilolinunua Same, ukasema, "Katia kuni. Leo si la watu." Ukaenda kusimama mlangoni mikono mitupu.

Rungu la kwanza lilikuvunja mkono. Niliusikia mfupa. Ukabaki umesimama, ukiwaita mmoja mmoja kwa majina yao, na hilo ndilo lililowatia wazimu. Kajiru ndiye aliyekupiga kisogoni. Nilimwona. Yule uliyembeba mgongoni akiwa mdogo, ukamtafutia hata mke. Ukaanguka kwenye kizingiti, mwili wako mkubwa ukaziba mlango, wakashindwa kukuvuta, basi wakakupiga hapohapo ulipolala, usoni, mbavuni, mpaka meno yako yakatapakaa chini. Nami niko nyuma yako, mtoto mgongoni, panga mkononi. Wangeinama tu ningewakata shingo. Jicho lako moja lilikuwa bado wazi, ukanitazama nalo, nikaelewa, nikalishusha panga. Sijui kama nimekusamehe kwa jicho lile.

Wanawake waliokuwa mferejini walikuja mbio wakipiga ukunga, ndipo wale wakatawanyika. Ulikata roho kabla mbuzi hawajarudi. Jumbe aliambiwa umeteleza njiani ukaanguka mwambani, naye akakubali haraka sana. Tangu siku hiyo hawakuthubutu kurudi kumdai Eliamani. Niliyaokota meno yako, ya juu na ya chini, nikakuzika nayo.

Sasa la leo.

Mtoto wa Kajiru ni wa kike, mzuri, macho ya mama yako. Meno ya juu yametangulia. Wao wembe waliutumia. Walimchanja ufizi wa chini, akavuja damu usiku kucha, na mama yako alipomwona anakataa ziwa, akatia kidole. Hakunyamaza hata kwa mjukuu wa pili. Ukoo umekubaliana kwamba kesho asubuhi baragumu litalia.

Kajiru alipiga magoti palepale kwenye kizingiti ulipolala. "Shemeji, ninajua nilichokifanya. Mimi niue. Huyu mpokee, hakuna mlango mwingine." Nikainua tena mchi, na nilikuwa nalenga kisogo, Baba Eliamani, mahali palepale. Mtoto akatoa kichwa kwenye shuka, kidevu kina damu iliyokauka. Akautazama mchi, akacheka.

Nilimpokea. Usifikiri nimemsamehe baba yake, sijamsamehe, na Mungu namwambia hivyohivyo kila ninapopiga magoti. Lakini ningemfungia mlango mtoto huyu, wewe ulikilalia kizingiti kile kwa ajili gani? Mungu hakuniuliza kama nampenda Kajiru. Alileta mtoto mlangoni, basi. Yote niliyokugombeza nayo, wembe, panga, uongo mdogo, leo yamenirudia, na sikupata jibu lingine zaidi ya lako.

Kajiru amekaa nje penye zizi la mbuzi, ananyeshewa. Nimempelekea makande kwenye bakuli na sikumkaribisha ndani. Amesema kesho atasimama mlangoni. Nimemwambia mlango huu una mwenyewe, yeye asimame kando, na akishika rungu nitamfukuza nalo. Mkewe amejificha kwa wanawake wa kanisa. Nao wamesema wakisikia baragumu watakuja na wataimba. Mzee wa kanisa wamemwambia aje aone huruma inavyokuwa. Sijui kama atakuja.

Naogopa. Mifupa yangu si kama yako, rungu moja linanitosha. Kwa hiyo kabla ya kukaa kuandika nilikwenda ndivani, nikalitupa panga lako katikati ya maji. Lilikuwa la maana kwangu, na sasa majani ya mbuzi nitayakatia nini, sijui. Lakini najijua. Likiwa karibu nitalishika, na wewe huna jicho tena la kunitazama.

Watoto wamelala, wamekumbatiana. Huyu mdogo amemshika Eliamani sikio.

Lala salama, mume wangu. Nakuahidi hakuna mtoto atakayetoka nyumba hii kwenda kwenye jiwe, mradi mimi nimesimama, na nikianguka, nakuahidi nitaangukia mlangoni. Mimi si mkubwa kama wewe, lakini mlango wetu ni mwembamba.

Mkeo,
Mama Eliamani