Herufi Chini ya Rangi ya Pijo

Picha nimefuta. Nilifuta jana mchana, msasa kwa mkono moja, simu kwa mkono ingine, vidole imejaa vumbi ya rangi mpaka simu ilikataa kunisikia mara ya kwanza. Nilidhani nikifuta maneno itaisha. Haikuisha. Watu wa grupu yetu ya simu walikuwa wameshaihifadhi, na mama mmoja, Mama Keji, ndio wa kwanza.

Leo ni Ijumaa, asubuhi. Mvua iko, ile ndogo ndogo ya kusumbua, na moyo yangu haiko sawa.

Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi. Mimi fundi ya rangi ya gari hapa Arua, shule niliacha darasa la tano, na mbele ya watu maneno inanikauka. Kazi yangu inataka macho tu. Lete gari, mimi nitakuonyesha wapi iligongwa, wapi fundi mwingine aliweka puti kuziba shimo, wapi rangi ya pili iko juu ya rangi ya kwanza. Hiyo najua. Ingine yote naangalia tu na kunyamaza.

Sasa kuna grupu ya WhatsApp ya sisi watu tunapenda gari ya zamani. Tuko Arua, Koboko, wengine madereva ya lori wa njia ya Vurra, kule mpaka ya Congo. Kila mutu anatafuta picha ya ajabu, anaweka, anaandika kitu ambayo wengine hawajui. Chairman ya grupu, muzee mmoja mwalimu wa zamani, aliweka sheria: siasa hapana, biashara hapana, gari tu. Mwezi iliyopita aliweka picha ya lori ya Ulaya ya wakati ya vita kubwa, petroli ilikuwa hakuna, lori iko na pipa nyuma inatembea na moshi ya kuni. Saidi, dereva wa pikapu, huyu hakosi neno, akaandika: "Hiyo lori ilikuwa inapika na kusafiri mara moja. Bibi yangu angeniacha, aolewe na hiyo lori." Tulicheka siku mbili.

Mimi nilikuwa sijawahi kuweka picha. Miaka mbili naangalia tu.

Jumapili nilienda Koboko kumuona babu. Babu ndiye alinilea. Kule kwetu watu hawamuiti jina yake, wanamuita Muzee Pijo, kwa sababu zamani alikuwa na gari ya Pijo 404, wakati ambayo ukihesabu gari ya Koboko vidole ya mkono inabaki. Mimi nilikua naitwa mutoto ya Pijo. Shuleni, wakati watoto walinicheka sababu ya kusoma polepole, nilikuwa najiambia: wewe babu yako alikuwa na gari?

Babu alinionyesha picha yake tena. Nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende. Yeye kijana, suruali pana, mguu moja kwa bampa, anacheka. Nikapiga picha hiyo na simu.

Jumatatu nikaweka kwa grupu. Niliandika: "Pijo 404, Koboko zamani. Mnajua gari hii betri ikikufa unaingiza chuma kwa tundu ya mbele, unazungusha na mkono, inawaka?" Sikuandika kwamba ile ni babu yangu. Niliona haya. Nilitaka waone gari kwanza, halafu siku ingine nitasema.

Walipenda! Chairman aliandika, "Leo Rangi amefungua kinywa, mvua itanyesha." Rangi ndio mimi. Saidi aliandika, "Angalia huyo jamaa na suruali yake, angefagia njia mpaka Arua bila ufagio." Nilicheka peke yangu kwa garaji. Moyo ilikuwa kubwa.

Na hapo ndipo nikaharibu.

Jioni niliangalia picha tena, nikaivuta iwe kubwa, na macho yangu ikaona kitu. Mlango ya mbele ilikuwa imepigwa rangi na brashi. Si rangi ya kiwanda. Brashi inaacha mistari, mimi najua. Na chini ya hiyo rangi kuna herufi, kama mutu amelala chini ya shuka. Mimi nilifurahi. Nilifurahi kabisa! Nikazungusha kiduara nyekundu pale, nikauliza grupu: "Nani anaweza kusoma herufi iko chini ya rangi?"

Mimi mwenyewe sikusoma. Niliona alama tu. Mimi, fundi, kila siku nalipwa nifunike, na siku hiyo nikaita watu waje wafunue.

Walishindana. Mmoja akasema ni BATA. Saidi akasema imeandikwa NINA DENI. Chairman, na miwani yake, ndiye alipata: DAWA. Na chini yake herufi ndogo mbili.

Halafu Mama Keji akaandika. Huyu mama iko kwa grupu sababu baba yake alipenda gari, hiyo ndio alisema siku aliingia. Anauza vitenge hapa mjini, mtaa ya Oli. Haandikagi sana. Aliandika: "Hizo herufi ndogo ni mwanzo ya majina ya baba yangu. Hiyo gari ilikuwa nyeupe kama maziwa. Alikuwa na duka ya dawa Koboko. Huyu mwenye suruali ni nani?"

Hakuna mutu alicheka tena.

Halafu akatuma sauti. Nilisikiliza nyuma ya garaji, nimeweka simu kwa sikio kama mutu anaiba. Anasema zamani, wakati ya vita, watu wote wa Koboko wanakimbia, yeye mutoto wa miaka saba, baba yake aliwabeba na hiyo gari mpaka njia ya Congo, karibu na mpaka. Kaka yake mdogo alikuwa na homa kali. Baba akasema, kaeni hapa, narudi dukani kuchukua dawa, sitakawia. Walikaa siku mbili. Halafu watu wakawaambia, mama, askari wanakuja, na mama yao akawachukua wakatembea. Kaka alipona. Baba hawajamuona tena, na kaburi hawajui. Anasema: "Mimi gari sitaki. Hata kama iko, mkae nayo. Mimi nataka tu mutu aniambie baba yangu iko wapi."

Naandika tena ili nisijidanganye: mutu mmoja tu katika grupu yote alijua huyu mwenye suruali ni nani. Mutu huyo alinyamaza.

Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza. Chairman akaniandikia pembeni, "Mwanangu, picha ulitoa wapi?" Nikajibu niliipata kwa intaneti. Uongo, na kwa muzee.

Kitu inanisumbua ni neno moja. Babu, tangu mimi niko mdogo, watu wakimuuliza gari alinunua wapi, anacheka anasema, "Sikununua. Niliokota." Na sisi wote tunacheka naye. Mimi nilidhani ni utani, kama mutu anasema aliokota bibi yake sokoni. Sasa nauliza watu wazima pale garaji, polepole, bila kutaja mutu, wananiambia siku hizo za vita kuokota ilikuwa maneno ya kila mutu. Aliyechukua kitanda ya jirani, aliokota. Aliyekuta baiskeli imelala kwa nyasi, aliokota. Aliyemtoa mutu kwa baiskeli, naye pia aliokota.

Neno moja kwa wote watatu. Babu yangu iko wapi hapo?

Jana baada ya kufuta picha nikampigia. Anatumia kasimu ya tochi, anapiga kelele kama mimi niko Sudan.

"Babu, umeamkaje."

"Mutoto ya Pijo! Mimi niko. Mihogo imekubali."

"Babu, ile gari uliokota wapi?"

Akacheka kama kila siku. "Njiani, kwa daraja. Mlango wazi, funguo ndani. Mungu alisema Pijo, twende."

"Na mwenye gari alikuwa wapi?"

Nikasikia kuku yake. Nikasikia mutu anapita na pikipiki.

"Nani anauliza?"

Maisha yangu yote babu hajawahi kuniuliza hivyo. Mimi huwa natosha. Nikisema "mimi" inatosha. Nikamwambia, "Ni mimi tu, babu." Akasema salio imeisha, na ni mimi nilikuwa nimempigia.

Naogopa babu yangu aliua mutu.

Nimeandika. Sasa iko nje. Nimeiangalia hapo juu na mkono inataka kufuta, kama ile picha. Lakini pia huyu ndiye alinibeba mgongoni nikiwa na malaria, alinifundisha kusikia injini na macho imefungwa, alikula ugali kavu ili mimi nile na samaki. Labda kweli alikuta mlango wazi. Labda mwenyewe alikuwa amelala hapo kwa nyasi tayari, na babu alimzika, na kumzika ndio inamfanya anyamaze. Au alimuona anapumua akawasha gari. Mimi nimekaa na hizi zote tatu usingizini na kazini. Jana nilipiga rangi ya buluu kwa mlango ya gari nyekundu.

Mama Keji jana jioni aliniandikia pembeni. Hakutukana. "Mwanangu, mbona umefuta? Hiyo gari ndio mahali ya mwisho nilimuona baba. Kabla ya hiyo yako sikuwa na picha yake hata moja."

Nilikaa na hayo maneno mpaka leo asubuhi. Niliandika jibu mara nyingi, nikafuta. Ya mwisho ilikuwa fupi, nikaibonyeza kabla ya kuogopa: "Mama, huyo mwenye suruali ni babu yangu. Iko hai. Iko Koboko. Nisamehe."

Alama mbili ikawa buluu, amesoma.

Kisha simu ililia. Si yeye. Ilikuwa binamu yangu anayekaa na babu.

"We, ulimwambia muzee nini?"

"Kwa nini?"

"Tangu jana hali chakula. Amefunga nguo kwa mfuko, anasema anaenda Congo kumuangalia dada yake. Dada yake hajamtaja miaka kumi! Anasema mvua ikikata tu anatoka. Miguu yenyewe hiyo, atafika wapi?"

"Mzuie."

"Nimzuie na nini? Nimfunge kama mbuzi? Ni muzee wangu."

Nilifikiri nimuache aende. Sitadanganya, nilifikiri. Avuke mpaka, mimi nimwambie Mama Keji pole, alikuwa hapa, ameondoka, na jina ya Pijo inabaki nzima na mimi nabaki mutoto yake. Ilikuwa rahisi sana. Nilikaa nayo muda wa kunywa chai.

Halafu nikampigia Mama Keji. Nilimpigia, kwa mdomo yangu. Nikasema, mama, muzee anataka kuvuka mpaka, kama unataka kumuona ni leo. Nikadhani atalia ama atanitukana. Aliuliza tu, "Anasikia Kiswahili, ama tuongee Kikakwa?" Nikasema Kikakwa ndio yake. Akasema, "Haya. Mimi nitaongea. Wewe uje ukae karibu na yeye, asiogope."

Asiogope. Alisema hivyo juu ya babu yangu.

Saidi ndiye anatupeleka, iko na mzigo ya sabuni ya Koboko. Nilimwambia yote. Alijaza hewa kwa tairi, akafuta kiti ya mbele na shati yake ili mama akae.

Sijui nitamuangalia babu na macho gani. Sijui nikimshika mkono nitakuwa namzuia ama namsaidia.

Naacha hapa, lazima niende sasa. Mama Keji ameshaingia kwa gari, na mvua imeanza kukata.